Asili ya Jina Mieszko: Ushahidi wa Hati za Kale na Kuzaliwa kwa Jina Mieczysław

1.0 Utangulizi

Mtawala wa kwanza wa Polandi ambaye habari zake ziliandikwa na watu wa zama zake mwenyewe alifariki tarehe 25 Mei 992. Alikuwa amemwoa Dobrawa, binti wa mtawala wa Bohemia, na mwaka 966 akabatizwa. Kwa tendo hilo nchi yake ikaingia katika jumuiya ya dola za Kikristo za Ulaya. Mengi yanajulikana kumhusu: vita alivyopigana, wake aliowaoa, na namna mwanawe mkubwa alivyomfukuza mama wa kambo pamoja na ndugu zake ili aitawale nchi peke yake. Linaloendelea kubishaniwa ni lile ambalo kwa kawaida huwa la kwanza kujulikana kuhusu mtu yeyote, yaani jina lake lina maana gani na limetoka wapi.

Jina hilo leo huandikwa Mieszko na hutamkwa takriban Myeshko. Tangu enzi za kati limefasiriwa kuwa ni mchafuko, ni aliyefumba macho, ni dubu, ni upanga, ni mwenye utukufu, ni Mikaeli, na hata kuwa ni kipande tu cha jina la kigeni lililokatika. Ni wazi kwamba fasiri hizi zote haziwezi kuwa kweli kwa pamoja. Makala haya yanafuatilia asili ya jina hilo kwa kuanza na maumbo yake ya kale kabisa yaliyosalia katika hati, kisha yanazipima fasiri zilizotolewa dhidi ya maumbo hayo. Msimamo unaoongoza uchunguzi ni kwamba chanzo cha jina hutafutwa katika umbo lililo karibu zaidi na wakati jina lenyewe lilipotamkwa, na kwamba maana inayopendeza haitoshi kuwa ushahidi.

Suala hili halijawahi kuwa la wanaisimu peke yao. Mwanzoni mwa karne ya 20 baadhi ya wanahistoria wa Ujerumani walilishika jina la pili la mtawala huyu, Dagome, wakadai kwamba ukoo wake wa Piast ulitoka Skandinavia na kwamba dola ya Polandi iliasisiwa na wageni. Katika karne ambayo mpaka wa mataifa hayo mawili uligombewa kwa silaha, madai ya namna hiyo hayakuweza kubaki darasani. Na kwa upande mwingine kabisa, zipo familia nyingi zenye babu aliyeitwa Mieczysław ambazo zimeaminishwa kwamba jina hilo ni urithi wa Waslavi wa kabla ya Ukristo. Wote hawa wanategemea jibu la swali moja la etimolojia.

2.0 Waslavi na uundaji wa majina

Majina ya kale ya Waslavi yaliundwa kwa njia kadhaa, na tatu kati yake zinahusika moja kwa moja hapa. Ya kwanza ni ile ya kuunganisha mizizi miwili. Bolesław, jina la mwana mkubwa wa Mieszko, lina mzizi wenye maana ya "zaidi" na mwingine wenye maana ya "utukufu". Czcibor, jina la ndugu yake, linaunganisha "heshima" na "kupigana". Baba yao aliitwa Siemomysł, nalo ni jina la muundo uo huo. Majina haya yalikuwa ya fahari, na katika koo za watawala yalirudiwarudiwa kizazi baada ya kizazi.

Njia ya pili ni ya jina la neno moja linaloeleza hali ya kuzaliwa kwa mtoto au linalokusudiwa kumkinga. Waserbia wana Nenad, "asiyetarajiwa". Warusi wa kale walikuwa na Zhdan, "aliyengojewa", na Nekras, "asiye mzuri", pamoja na Tretyak, jina la mtoto wa tatu. Vuk Karadžić (1787–1864), mwanamageuzi mkubwa wa lugha ya Kiserbia, aliitwa Vuk, yaani mbwamwitu, kwa sababu watoto waliomtangulia walikufa na wazazi wakataka jina litakalowatisha wachawi. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa mantiki hii. Mosi, Pili na Tatu huhesabu watoto kama Tretyak anavyohesabiwa; Tabu, Shida na Mashaka ni majina yaliyobeba hali ya nyumba siku mtoto alipozaliwa, na hakuna anayedhani kwamba mzazi aliyempa mwanawe jina la Mashaka alikuwa akimtakia mashaka.

Njia ya tatu ni ya kukata. Jina refu la mizizi miwili hubakizwa silabi yake ya mwanzo, kisha huongezewa kiambishi tamati cha mapenzi au cha udogo. Stanisław huwa Stach, na kutoka hapo Staszek na Staszko. Bolesław huwa Bolek. Umbo Mieszko, lenye -sz- na -ko, linafanana mno na matokeo ya njia hii. Kwa hiyo dhana ya kwanza ya mtafiti yeyote ni kwamba Mieszko ni jina la mkato. Tatizo huanza pale anapoulizwa: mkato wa jina gani?

3.0 Maumbo ya jina katika hati

Shahidi wa kwanza ni Widukind, mtawa wa Corvey katika Saxony, aliyeandika tarihi ya Wasaksoni mnamo miaka ya 960 na mwanzoni mwa miaka ya 970. Yeye anamtaja mfalme Misaca. Thietmar, askofu wa Merseburg aliyefariki mwaka 1018, anaandika Miseco. Hati inayojulikana kama Dagome iudex, ambayo itajadiliwa mbele, inamtaja mwana wa mtawala huyo mwenye jina sawa na la babake kwa umbo Misica. Sarafu za fedha zenye maandishi Misico zilidhaniwa kwa muda mrefu kuwa zake. Wataalamu wa sarafu sasa huziweka zaidi katika zama za mjukuu wake, Mieszko II, lakini kwa uchunguzi wa umbo la jina tofauti hiyo ya kizazi kimoja au viwili si kubwa. Kisha, mwanzoni mwa karne ya 12, mwandishi wa tarihi ya kwanza ya Polandi, anayeitwa Gallus Anonymus kwa kuwa jina lake halikuhifadhiwa, anaandika Mescho na Mesco.

Tofauti baina ya makundi haya mawili ni ya maana sana. Maumbo ya karne ya 10 na mwanzo wa karne ya 11 yana silabi tatu: Mi-sa-ca, Mi-si-ca, Mi-se-co. Umbo la karne ya 12 lina mbili. Silabi ya kati imekwenda wapi? Maelezo yake yanapatikana katika historia ya fonolojia ya Kislavi. Lugha za Kislavi za kale zilikuwa na irabu mbili fupi mno, ambazo wanaisimu huziita yeri. Katika nafasi dhaifu irabu hizo zilidhoofika hadi zikatoweka, na katika Kipolandi mabadiliko hayo yalikuwa yamekwisha kukamilika kufikia wakati wa Gallus. Waandishi wa Kilatini wa karne ya 10 walisikia kitu kifupi baina ya konsonanti mbili na hawakuwa na herufi yake. Mmoja akaandika a, mwingine i, mwingine e. Kutopatana kwao ndiko kunakothibitisha kwamba walisikia kweli. Kama wangekuwa wananakiliana, wangeandika herufi moja.

Irabu ya silabi ya kwanza nayo ina habari yake. Inaandikwa i katika hati za mwanzo na e katika za baadaye. Irabu iliyokuwa i kamili katika Kislavi haina sababu ya kugeuka e katika Kipolandi mahali kama hapa. Kwa hiyo palikuwa na sauti iliyo baina ya hizo mbili, ama yeri iliyokuwa katika nafasi ya nguvu, ama irabu ya kale ambayo wanaisimu huiita yati. Nukta hii peke yake inatia shaka kila fasiri inayolianzisha jina hili kwa majina kama Miłosław, ambayo i yake ni thabiti tangu mwanzo.

4.0 Shahidi wa Kiarabu

Hati zote zilizotajwa hadi hapa ni za Kilatini, na Kilatini kilikuwa na upungufu mmoja: hakikuwa na herufi ya sauti sh. Herufi s ya Widukind inaweza kuwa s, inaweza kuwa sh, na katika kalamu ya mwandishi Mjerumani inaweza hata kuwa z au sauti ya j laini kama ya Kifaransa. Ushahidi wa kuamua unatoka mahali ambapo mtu asingeutafuta.

Ibrahim ibn Yaqub alikuwa msafiri Myahudi kutoka Tortosa katika Andalusia, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya ukhalifa wa Cordoba. Katika miaka ya 960 alisafiri hadi Prague na katika nchi za Wajerumani, akaandika kwa Kiarabu aliyoyaona na aliyoyasikia kuhusu Waslavi. Kitabu chake chenyewe kimepotea. Sehemu muhimu zimehifadhiwa na mwanajiografia al-Bakri, aliyefariki mwaka 1094. Ibrahim anataja wafalme wanne wa Waslavi, na mmoja wao ni mfalme wa Kaskazini, ambaye nchi yake ina nafaka tele, nyama, asali na samaki, na ambaye ana askari 3,000 wenye mavazi ya chuma. Jina la mfalme huyo limeandikwa kwa mim, shin, qaf na ha.

Shin ni sh. Msafiri huyu, au aliyemsimulia, alisikia sauti ambayo kalamu za Kilatini hazikuweza kuiandika. Tahadhari inahitajika, kwa kuwa shin na sin hutofautiana kwa nukta tatu tu, na nukta huongezwa au hudondoshwa na wanakili. Hata hivyo sauti ya sh inakubaliana na umbo la Kipolandi la baadaye, na mashahidi wawili wasiojuana wanapokubaliana, uzito wao huwa mkubwa kuliko wa kila mmoja akiwa peke yake.

Irabu ni habari nyingine. Hati ya Kiarabu isiyo na alama za irabu hutoa mifupa ya neno bila nyama yake. Yeyote aliyewahi kusoma miswada ya Kiswahili ya hati za Kiarabu anaijua kazi hii: msomaji lazima alijue neno kabla ya kulisoma. Ni kwa sababu hiyo jina la mfalme wa Kaskazini limenukuliwa kwa irabu tofauti na wahariri tofauti, na ni kwa sababu hiyo hiyo lina mtego wa pekee kwa msomaji wa Afrika Mashariki. Mifupa hiyo, akiisoma mtu ajuaye Kiarabu, inafanana na neno mashaqqa, "taabu", neno lile lile ambalo hunasibishwa na mashaka ya Kiswahili. Kwa macho ya haraka mtawala wa Polandi anageuka kuwa jamaa wa akina Mashaka. Mfanano huu ni wa herufi tu. Inawezekana mnakili mmoja au mwingine aliisaidia kalamu yake kwa neno alilolizoea, lakini jina halikutoka Kiarabu, na hakuna njia ya kihistoria ambayo lingepitia. Mfano huu unafaa kukumbukwa katika sehemu inayofuata, kwa sababu fasiri kadhaa zilizotolewa na wasomi wa Ulaya zimejengwa juu ya mfanano usio na nguvu zaidi ya huu.

5.0 Fasiri zilizopendekezwa

Gallus anasimulia kwamba Mieszko alizaliwa kipofu, akakaa hivyo miaka saba, na akapata kuona katika karamu ya kutimiza mwaka wake wa saba. Wazee waliokuwapo wakaeleza kwamba Polandi ilikuwa kipofu kabla yake na kwamba kupitia kwake itaangazwa. Watafiti wameona katika simulizi hii kumbukumbu ya desturi ya Waslavi ya kumnyoa mvulana nywele kwa mara ya kwanza anapofikia umri wa miaka saba, sherehe ambayo ilimtoa mikononi mwa wanawake na kumwingiza katika jamii ya wanaume. Gallus mwenyewe hafasiri jina. Anasema jambo jingine lenye thamani zaidi: kwamba Mieszko alikuwa wa kwanza kuitwa jina hilo. Yaani katika ukoo wa Piast, mwanzoni mwa karne ya 12, lilikumbukwa kama jina ambalo halikurithiwa kwa babu.

Waandishi wa tarihi waliofuata hawakuweza kuiacha simulizi bila kuipa maana. Jina likaunganishwa na neno mieszka, "mchafuko", kwa maelezo kwamba wazazi walifadhaika kuona mtoto kipofu. Katika zama za isimu ya kisasa njia iyo hiyo imesafishwa zaidi: badala ya kitenzi cha kuchanganya kimeletwa kitenzi cha kale chenye maana ya kufumba macho. Kifonolojia pendekezo hili la pili si dhaifu. Mzizi wake ulikuwa na yeri katika silabi ya kwanza, ambayo katika nafasi ya nguvu ingekuwa e katika Kipolandi, na hilo linaafiki mgeuko wa i na e katika hati. Tatizo lake lipo katika konsonanti. Mzizi huo una sauti laini ya ghuna, ile j ya Kifaransa, ambayo ingekuwa sh baada tu ya yeri iliyofuata kutoweka na konsonanti hiyo kugusana na k. Katika karne ya 10 yeri hiyo ilikuwa bado inasikika. Misaca na Misica ni mashahidi. Na bado Ibrahim aliandika shin. Kiarabu hakina sauti hiyo ya ghuna, kwa hiyo shin inaweza kuwa ni makadirio, lakini mtetezi wa fasiri hii analazimika kuegemea makadirio pale ambapo wengine wanaegemea maandishi kama yalivyo.

Pingamizi jingine linalotolewa mara kwa mara dhidi ya fasiri hii ni kwamba mtoto wa mtawala asingepewa jina la dosari, kwa kuwa majina ya Waslavi yalikuwa ya kutakia mema. Pingamizi hili halina nguvu linalodhaniwa kuwa nayo. Nekras na Vuk wanalikanusha upande wa Waslavi, na akina Tabu na Shida wanalikanusha upande wetu. Linalobaki kuwa kweli ni dogo zaidi, kwamba katika ukoo huu mahususi majina ya wanaume yanayojulikana ni ya mizizi miwili au ni mikato yake.

Fasiri ya dubu inatokana na mfanano na Mishka ya Kirusi, ambayo ni jina la kubembeleza la Mikhail na pia jina la utani la mnyama huyo. Ni fasiri inayopendwa na watu wengi na yenye ushahidi mchache kuliko zote. Fasiri ya Mikaeli ina heshima zaidi, lakini inakwama katika wakati. Mikaeli ni jina la Kikristo. Widukind anamtaja Misaca katika matukio ya mwaka 963, miaka mitatu kabla ya ubatizo, na Ibrahim alikusanya habari zake karibu na wakati huo huo. Ili fasiri isimame, lazima jina la ubatizo liwe limefika mbele ya ubatizo wenyewe.

Ukimya wa Thietmar nao unastahili kutajwa. Askofu huyu alikuwa jirani wa Waslavi na alipenda kufasiri majina yao. Anaeleza kwamba Dobrawa maana yake ni "mwema", na kwamba Bolesław ni "utukufu mkubwa zaidi". Kwa Miseco hasemi kitu. Ukimya si ushahidi kamili, lakini unaelekea kuonyesha kwamba mwanzoni mwa karne ya 11 jina halikuwa na maana iliyo wazi kwa msikilizaji, jambo ambalo ni la kawaida kwa majina ya mkato. Mtu anayemwita mwenziwe Staszko hafikirii "kusimama" wala "utukufu", ingawa mizizi ya Stanisław inabeba maana hizo.

6.0 Jina la Dagome

Karibu na mwisho wa maisha yake, mtawala huyu aliiweka dola yake chini ya ulinzi wa Papa Yohane XV. Hati ya awali haikusalia. Kilichosalia ni muhtasari katika mkusanyo wa sheria za kanisa ulioandaliwa mwishoni mwa karne ya 11 na kardinali Deusdedit, na humo mtoaji anaitwa Dagome iudex, pamoja na mkewe Oda na wana wao Misica na Lambertus. Bolesław, mwana mkubwa aliyezaliwa na Dobrawa, hatajwi. Mtayarishaji wa muhtasari hakujua ni watu gani hao. Alikisia kwamba ni watu wa Sardinia, kwa kuwa kisiwa hicho kilitawaliwa na waamuzi wanne na neno iudex lina maana ya mwamuzi.

Mtu asiyejua anaandika kuhusu nchi gani ni mnakili wa kuogopwa. Ndiyo maana wapo wanaoamini kwamba Dagome iudex ni maneno ya Kilatini Ego Mesco dux, "mimi Mieszko, mtawala", yaliyosomwa vibaya. Maelezo haya ni ya kuvutia kwa sababu yanaliondoa jina lote la kigeni kwa pigo moja, na pengine hiyo ndiyo sababu ya kuyatilia shaka. Katika sentensi iyo hiyo Misica wa pili ameandikwa bila kasoro. Kalamu iliyoweza kulihifadhi jina la mwana ingewezaje kulivuruga la baba kiasi hicho?

Wengine hulikata neno katika sehemu mbili. Dago ni la upande mmoja, mwanzo wa Dagobert la Wafaranki au jamaa wa Dagr la Skandinavia, na me ni mwanzo wa Mesco. Wengine tena hulisoma Dagomer au Dagomir na kupendekeza kwamba Mieszko ni mkato wa sehemu ya pili ya jina hilo. Katika tafsiri hizi zote nadharia ya Skandinavia hupata mlango, lakini mlango huo ni mwembamba kuliko walivyodhani watetezi wake. Kuwa na majina mawili halikuwa jambo geni kwa watawala wa Waslavi. Olga wa Kiev alibatizwa Helena. Vladimir, mjukuu wake, alibatizwa Basili. Mstislav wa Kiev, aliyefariki mwaka 1132, alikuwa na jina la Kislavi, jina la ubatizo Fyodor, na katika maandishi ya Skandinavia aliitwa Harald. Hata Mieszko II, mjukuu wa mtawala wetu, alikuwa pia na jina la Lambert, ambalo ni la mtakatifu wa Magharibi. Na hakuna anayesema kwamba kwa jina hilo aligeuka Mfaranki. Dagome, kama lilikuwa jina kweli, linaweza kuwa la ubatizo, la heshima kwa mshirika, au la upande wa mama. Jina hueleza mahusiano ya waliolitoa. Damu ya aliyelipokea haionekani ndani yake.

7.0 Mieczysław: fasiri iliyogeuka jina

Katika karne ya 15 Jan Długosz (1415–1480), padre wa Kraków na mwanatarihi mkubwa kuliko wote wa Polandi ya enzi za kati, alikumbana na swali lile lile lililoulizwa hapo juu. Mieszko ni mkato wa jina gani? Alijibu kama msomi wa zama zake. Aliangalia Bolesław, Stanisław na Władysław, akaona kwamba mkato wa mtawala sharti uwe na jina kamili linalomalizikia kwa -sław, akalitengeneza. Jina hilo, ambalo leo huandikwa Mieczysław, limefasiriwa kwa miecz, "upanga", na pia kwa kitenzi cha kuwa na kitu, yaani "atakayekuwa na utukufu". Watafiti wengi wa Polandi leo wanaliona kuwa ni uundaji wa Długosz mwenyewe. Linapingana pia na sauti: cz ni ch, ilhali jina la kale lina sh.

Kosa hilo lilikuwa na maisha marefu kuliko usahihi. Mieszko lenyewe lilitumika katika ukoo wa Piast hadi karne ya 14, kisha likafifia. Kanisa lilisisitiza majina ya watakatifu, na msisitizo huo ulipata maandishi rasmi katika Rituale Romanum ya mwaka 1614. Majina ya Kislavi yaliyopata mtakatifu wa kuyabeba, kama Stanisław, Wojciech, Wacław na Kazimierz, yaliokoka. Mieszko halikuwa na wa kuliombea. Karne ya 19, Polandi ikiwa imegawanywa baina ya Urusi, Prussia na Austria, wazazi walianza tena kuwapa watoto majina ya wafalme wa kale. Walipomtafuta mtawala wa kwanza katika vitabu walimkuta akiitwa Mieczysław, na hilo ndilo walilowapa wana wao. Mtunzi wa muziki Mieczysław Karłowicz alizaliwa mwaka 1876. Mieczysław Rakowski, aliyekuwa waziri mkuu wa Polandi mwaka 1988 na 1989, alizaliwa mwaka 1926. Jina lilivuka mpaka na kuwa Mečislovas katika Kilithuania. Likapata mkato wake lenyewe, Mietek, na hivyo jina lililoundwa kueleza mkato likazaa mkato mwingine.

Kwa anayefuatilia ukoo, hali hii ina matokeo ya moja kwa moja. Babu aliyeitwa Mieczysław na kuzaliwa katika karne ya 19 anashuhudia uzalendo wa wazazi wake na usomaji wao wa historia. Hashuhudii mila ya kipagani iliyopokewa bila kukatika. Rejesta za parokia za eneo lililokuwa chini ya Austria humwandika kwa Kilatini Miecislaus, na zile za Ufalme wa Polandi chini ya Urusi, ambazo kuanzia mwaka 1868 zilitakiwa kuandikwa kwa Kirusi, humwandika kwa herufi za Kisirili. Mieszko, ambalo katika miongo ya karibuni limeanza tena kupewa watoto wa Polandi, ni jambo lisilotarajiwa katika rejesta hizo, na mtafiti anayedhani amelikuta anapaswa kwanza kutazama kama si mwandiko mbaya. Kisirili humsaidia, kwa kuwa sauti ch na sauti sh zina herufi mbili tofauti: ya kwanza ina umbo la kikombe chenye mkono mmoja mrefu wa kulia, ya pili ni vijiti vitatu vilivyounganishwa chini.